Mto Unakula Shamba Langu: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Kingo za Mito

Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka mabondeni, huku kusini mwa Tanzania: Nyangao, Ndanda, Nachingwea, Kitangari. Mvua zimekatika, maji yameshuka, na kila mwenye shamba kando ya kijito sasa anaona alichopoteza. Nilifanya kazi ya misitu ngazi ya wilaya hadi nikastaafu, na sehemu niliyoipenda zaidi ya kazi hiyo ilikuwa kutembea na wenye mashamba kando ya vijito vyao. Nitajibu kwa urefu pale panapotaka urefu.

SWALI: Shikamoo mama. Nina shamba la ekari tatu bonde la Nyangao, nimerithi upande wa mama. Kwa chini linapakana na kijito kinachoingia Mto Lukuledi. Kila masika ukingo unakatika, na safari hii umeondoka na mikorosho miwili na kipande cha mpunga. Mwaka juzi tulipewa miche siku ya kupanda miti, nikapanda yote ukingoni, haukubaki hata mmoja. Sasa nasikia kuna sheria ya mita 60. Nikiacha mita 60 nitalima wapi? — Mama wa watoto wanne, Nyangao

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa hasara. Mikorosho miwili iliyokwisha kuzaa si kitu kidogo kwa mwenye ekari tatu.

Nianze na mita 60, maana hizo ndizo zinazowanyima watu usingizi. Ulichosikia ni kweli. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, na zile zinazoweza kuudhuru ukingo, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 nayo inalinda eneo hilohilo. Sasa tupige hesabu. Kama shamba lako linagusa kijito kwa urefu wa mita 100, ukirudi nyuma mita 60 kutoka ukingoni unapata mita za mraba 6,000, karibu ekari moja na nusu. Hiyo ni nusu ya shamba lako. Mtu anayesimama kwenye mkutano wa kijiji akasema "acheni mita 60" halafu akapanda pikipiki akaondoka, hajawasaidia wenye mashamba. Ndiyo maana wengi huitikia kwa mdomo, mvua ikinyesha wanarudi kulima mpaka majini.

Ushauri wangu ni huu. Mita 10 za kwanza kutoka ukingoni zifunge kabisa mwaka huu. Jembe lisiingie, moto usiingie, mbuzi wasiingie. Kwa mita 100 hizo ni robo ekari tu. Mikorosho tunaipanda mita 12 kwa 12, kwa hiyo unachotoa ni mstari mmoja, mikorosho minane hivi. Na mstari huo ndio unaokupa korosho chache kuliko yote, nina hakika umeshaliona hilo mwenyewe: mkorosho hauvumilii udongo unaotuama maji, na unyevu wa bondeni ndio unaoalika ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, wakati wa maua. Ile iliyokwisha kukomaa humo usiikate, mizizi yake bado inashika udongo. Ila usipande mingine.

Mita zinazobaki nenda nazo kwa hatua, pamoja na kamati ya mazingira ya kijiji. Kwanza acha kutifua, kisha acha kuchoma, kisha ingiza miti na majani ya kudumu mahali pa mazao ya kila mwaka. Waombe waandike kwenye muhtasari wa kikao kwamba umeanza, waandike na tarehe. Kesho akija ofisa kukagua, atakuta mtu anayetekeleza na kijiji kinachomjua.

Sasa ile miche. Siku ya taifa ya kupanda miti ni tarehe 1 Aprili. Kwetu kusini mvua ni ya msimu mmoja, inaanza Novemba au Desemba, na Aprili inaaga. Mche uliopandwa wiki hiyo unapata mvua mbili tatu, kisha unakutana na miezi saba ya jua. Kwa hiyo usijilaumu, na usiilaumu ardhi yako. Ukipewa miche Aprili, iweke kivulini karibu na nyumba, uimwagilie kwenye viriba vyake, uihamishie viriba vikubwa ikizidi kukua, na uipeleke shambani Desemba ukishika udongo ukakuta umelowa kina cha mkono hadi kiwiko.

Lakini hata kama miche ile ingeshika, isingeuokoa ukingo wako, na hapa naomba unisome polepole. Mto haukati ukingo kutoka juu. Unakula chini, kwenye kitako, hasa upande wa nje wa kona ambako maji yana kasi. Kitako kikishaliwa, udongo wa juu unabaki unaning'inia, na mkorosho uliosimama pale pembeni unaongeza uzito tu. Siku moja vyote vinashuka. Ukingo mtupu, ulionyooka wima, ni sawa na ukuta wa udongo uliojengwa bila msingi: hata uupake nini juu, utaanguka. Ukipanda mti juu ya ukingo wa namna hiyo umeupandia mto kuni.

Kwa hiyo nenda shambani sasa hivi, maji yakiwa chini. Kwanza angalia kona iko wapi na ukingo una kimo gani. Ukiwa umezidi kimo cha mtu, usiuguse peke yako. Ofisi ya Bodi ya Maji ya Bonde la Mto Ruvuma na Pwani ya Kusini iko Mtwara mjini, na kazi yao ndiyo hiyo. Peleka ombi kupitia kijiji. Ukiwa chini ya hapo, familia yako inaweza. Ulaze. Kwa kila mita moja ya kimo, rudi nyuma mita moja na nusu hadi mbili, mpaka uwe mteremko ambao mtoto anaweza kuushuka bila kuteleza. Unapoteza udongo kidogo kwa hiari yako leo, badala ya kupoteza mwingi kwa nguvu ya maji Februari. Udongo unaoukata upandishe juu, usiutupe mtoni.

Kwenye kitako panga mawe makubwa kama yapo. Kama hakuna, na bondeni kwetu mara nyingi hakuna, funga matita ya matawi mabichi yenye unene wa paja, yalaze kufuata maji, yapigilie vigingi. Nyuma ya matita hayo udongo wa mafuriko utanasa wenyewe, na matete yatakuja bila kuitwa. Yakija, usiyang'oe.

Kisha mkuyu. Huu ndio mti ninaoupenda kuliko yote kando ya maji, na hauhitaji kitalu. Mwishoni mwa Oktoba, kabla haujachipua majani mapya, kata matawi yaliyonyooka, unene wa kifundo cha mkono, urefu wa mita moja na nusu hadi mbili. Ncha ya chini ikate mshazari, ya juu ikate bapa, ili usije ukapanda kichwa chini, kosa ambalo vijana wanaokusaidia watalifanya usipowaonyesha. Utaona utomvu mweupe unatiririka. Yasimamishe kivulini siku moja au mbili hadi utomvu ukauke. Shambani usiyapigilie kwa nyundo, gome litachanika na maji yataingia. Toboa shimo kwa mtaimbo, kina cha sentimita 60 au zaidi, ingiza kigingi, shindilia udongo pande zote kwa kisigino mpaka ukikitikisa hakichezi. Viache umbali wa mita mbili kutoka kimoja hadi kingine, mistari miwili iliyopishana katikati ya mteremko. Mvua ya kwanza ikipiga, vichipukizi vitatokea pembeni. Vingine havitashika, kwa hiyo kata vya ziada. Ng'ombe na mbuzi wanayapenda sana majani yake, kwa hiyo miaka miwili ya kwanza zungushia miiba.

Juu ya mkuyu, pale mteremko unapokutana na shamba, panda mstari wa vetiva, majani marefu ya kudumu yanayoota kwa mashina. Gawanya mashina, panda kila baada ya sentimita 10 hadi 15, mstari ufuate usawa wa ardhi na usikatike mahali popote, maana maji yanapita kwenye pengo moja kwa nguvu ya mapengo yote. Vetiva haitoi mbegu za kusambaa shambani, na mizizi yake inashuka chini mita mbili, tatu. Baada ya hapo ndipo miche yako ya mkangazi, mzambarau mwitu na mkwaju inapopata mahali pa kuishi.

Februari mvua husimama wiki kadhaa. Hapo ndipo miche ya wengi hufa, watu wakidhani masika yanaitunza. Palilia duara la mita moja kuzunguka kila mche, tandaza majani makavu humo, ila yasiguse shina kwa sababu ya mchwa. Julai, kabla ya watu kuanza kuandaa mashamba kwa moto, safisha njia ya moto ya mita tatu au nne kati ya ukanda wako uliofungwa na shamba la jirani. Fanya hivi masika mawili mfululizo. Masika ya tatu ukanda utajisimamia kwa sehemu kubwa.

SWALI: Nyumbani kwetu Ndanda, chini ya mlima, kuna chemchemi ndani ya shamba la ukoo. Mjomba anataka kupanda mikaratusi kuizunguka kwa sababu nguzo zinauzika haraka. Mimi nimesoma kwamba mikaratusi inakausha maji, lakini siwezi kumwambia mjomba kwamba amekosea. — Mpwa, Masasi

JIBU: Umefanya vizuri kuuliza kabla ya kubishana. Mjomba ndiye mwenye neno kwenye ardhi ya ukoo, na hoja yake ni ya haki: anataka shamba liingize fedha.

Maji ya Ndanda yanatoka juu, Nyanda za Juu za Makonde. Kule udongo ni wa kichanga, mvua ikinyesha inazama, na wenyeji wa juu wamehangaika na maji miaka yote. Maji hayo yanasafiri chini kwa chini, yanatokeza mguuni mwa mlima, ambako ndiko iliko chemchemi yenu. Mkaratusi unakua haraka kwa sababu unakunywa sana, kiangazi na masika. Ukiupanda palepale maji yanapotokeza, unakunywa kabla yenu. Pia chini yake hapaoti majani ya kutosha kushika udongo.

Usimwendee mjomba na neno "usipande". Mwendee na swali: "Mjomba, tukiipanda kule juu, kwenye kipande kikavu mbali na chemchemi, si itakua vilevile?" Huko itamea, nguzo atauza. Kuzunguka chemchemi mpe kitu kingine cha kuuza. Mkindu unapenda maji, unashika udongo kwa kundi la mashina, na ukindu una soko kwa wasusi wa mikeka na vikapu. Shangazi zako watakuambia bei kuliko mimi. Chimbua vichipukizi vya pembeni pamoja na mizizi yake masika yakianza, ni haraka kuliko mbegu. Mianzi nayo inatoa fito na nguzo ndogo kila mwaka bila kung'oa kitu. Mkangazi ni mbao ya wajukuu.

Kuna jambo mjomba huenda akalileta, nalo ni la msingi: "Nikipanda mvule au mkangazi, siku ya kuukata nitazuiwa." Ni kweli kwamba miti kama mvule, mkongo na mpingo inalindwa na inahitaji kibali kuvunwa. Kwa hiyo siku ya kupanda, mwiteni mwenyekiti wa kitongoji aje aone. Andikeni aina ya miti, idadi na mahali ilipo, nakala ibaki ofisi ya kijiji na nyingine ifike kwa ofisa misitu wa wilaya. Miaka 30 baadaye, anayeomba kibali akiwa na karatasi hiyo anaongea kwa sauti tofauti. Ila ile iliyosimama ukingoni kabisa mwa chemchemi, kubalianeni tangu leo kwamba hiyo si ya kukatwa.

SWALI: Mimi ni mfugaji, nilihamia wilaya ya Nachingwea na wazazi wangu tukitokea Usangu. Nina ng'ombe arobaini na ardhi niliyopewa na kijiji, inapitiwa na korongo lenye maji hadi Septemba. Wakulima wa chini wanasema ng'ombe wangu wanaharibu maji. Sitaki ugomvi. Nifanye nini upande wangu? — Mfugaji, Nachingwea

JIBU: Barua yako imenifurahisha kuliko zote. Familia nyingi zilizohamishwa kutoka Usangu na Ihefu mwaka 2006 na 2007 zilifika Lindi bila mtu kuwaonyesha korongo lipi linabeba nini, na wenyeji hawakuandaliwa kuwapokea. Lawama zilianzia hapo.

Kinachoharibu korongo ni ng'ombe kushuka kila mahali. Kwato zinavunja ukingo, majani yanaliwa hadi mzizi, na ng'ombe akisimama majini anaacha samadi na mkojo humo humo. Kwa hiyo wape njia moja tu. Chagua mahali ambapo ukingo umelala wenyewe, upande wa ndani wa kona, siyo wa nje. Tandaza changarawe na mawe upana wa mita nne au tano, ili kwato zisichimbe tope. Kando zote mbili weka uzio hai wa mbono kaburi: kata vigingi, chomeka kwa kukaribiana mwanzo wa mvua. Ng'ombe hawauli, na hauombi msumari wala waya. Usikubali kushawishiwa kuweka minyaa mahali watoto wanapochunga, utomvu wake ni hatari kwa macho.

Kizuri zaidi ni birika nje ya ukanda. Ng'ombe mmoja kwenye joto letu anahitaji lita 30 na zaidi kwa siku, kwa hiyo arobaini ni lita 1,200 angalau. Kisima kifupi kilichochimbwa pembeni ya korongo, kwa umbali, na pampu ya mkono, kinatosha kwa miezi mingi, na maji yake yamechujwa na mchanga. Kabla ya kuchimba au kuweka pampu ya injini, uliza Bodi ya Maji ya Bonde kuhusu kibali cha kutumia maji, usije ukamaliza kujenga ndipo ukasimamishwa.

Kisha waite hao wa chini waje waone. Waonyeshe njia ya ng'ombe na uzio, wape na samadi ya zizini kwa bustani zao. Nimeona ugomvi mkubwa kuliko wenu ukiisha kwa mkokoteni wa samadi.

SWALI: Mnatuambia tuache vichaka kando ya mto. Vichaka vinaleta nguruwe pori, ngedere na nyoka. Nani atalinda mihogo yangu? — Mkulima, Mtama

JIBU: Una haki, na wataalamu wanaolipuuza swali hili hawajawahi kulala kibandani kulinda shamba. Kichaka kinampa nguruwe mahali pa kulala mchana.

Fanya mambo mawili. Kwanza, kati ya ukanda na mazao acha njia safi, mita tatu au zaidi, iliyofyekwa muda wote. Nguruwe hapendi kuvuka mahali peupe, nyoka utamwona, na njia hiyohiyo ndiyo kinga yako ya moto. Pili, usipange mihogo, mahindi wala karanga zipakane na mto. Hayo ndiyo wanayoyafuata. Weka ufuta upande huo, mihogo ipeleke karibu na nyumba. Miti ya ukanda ikikua na kufunga kivuli, vichaka vya chini vitapungua vyenyewe; miaka ya katikati ndiyo migumu. Matawi ya chini unaweza kuyapogoa hadi usawa wa kifua ili uone ndani. Mizizi na majani ya chini kabisa uviache.

SWALI: Mimi ni mjumbe wa kamati ya mazingira ya kijiji, bonde la Kitangari. Tumeweka sheria ndogo, tumewatoza watu faini, bado wanalima hadi kwenye maji. Tufanye nini zaidi? — Mjumbe, Newala

JIBU: Ndugu mjumbe, faini ina mahali pake. Anayechimba mchanga usiku kwenye kitako cha ukingo ili ajaze lori akauze, mtozeni. Anayevua kwa sumu ya utupa, akaua samaki wakubwa na vifaranga pamoja, mtozeni bila huruma. Lakini bibi mwenye robo ekari ya mpunga kando ya kijito, ambaye hana kipande kingine, faini haimpi pa kulima. Inamfundisha kulima alfajiri tu, kabla hamjaamka.

Fikirieni nani ananufaika. Maji ya bonde lenu ndiyo yanayosukumwa kutoka Mitema kupanda juu, kwenye Mradi wa Maji wa Makonde, mradi ulioanza enzi za mkoloni. Watu wa Newala na Tandahimba wanafungua bomba kwa sababu bonde liko hai. Mwenye shamba wa bondeni anaombwa aache ardhi yake kwa ajili ya bomba la mtu mwingine. Ombi hilo ni la haki, lakini haliwezi kupelekwa kwa faini peke yake. Lazima liende na msaada, na msaada huo uonekane.

Ninavyofanya mimi, sianzi kwenye ofisi ya kijiji. Naomba ruhusa kwa mwenye shamba, tunatembea ukingoni yeye akiwa mbele. Namuuliza maji yalikuwa yanapita wapi alipokuwa mtoto, kisima cha kuchota kilikuwa wapi, samaki gani walikuwepo, lini ukingo ulianza kukatika. Mara nyingi anaujua ugonjwa wa kijito chake kuliko mimi. Kisha tunakaa, tunachora shamba lake ardhini kwa kijiti, na yeye mwenyewe ndiye anayechora mstari wa anachoweza kuachia mwaka huu. Mstari aliouchora yeye, ataulinda. Ule tuliouweka sisi kwa nguzo za zege utasogezwa usiku.

Baada ya hapo kamati ifanye kazi tatu ambazo mtu mmoja hawezi. Ya kwanza ni kitalu. Kila mwenye shamba akiambiwa atafute miche yake, hakuna atakayepata. Wekeni kitalu kimoja karibu na maji, anzeni Julai, ili miche iwe na kimo cha goti Desemba. Mbegu za mzambarau mwitu na mkangazi hazikai, zisieni mara tu mnapozipata. Za mkwaju zilowekeni usiku kucha kabla ya kusia. Ya pili ni mikono. Kuulaza ukingo wa mita 50 ni kazi ya siku mbili kwa watu kumi na wawili, na ni kazi ya kumvunja moyo bibi mmoja. Pangeni zamu, shamba kwa shamba, mkianzia juu ya kijito kwenda chini, maana ukingo wa chini hauponi wa juu ukiwa bado unamwaga udongo.

Ya tatu ni karatasi, na hii watu huisahau. Mwenye shamba anaogopa kwamba akiacha ukanda ukawa msitu, kesho utaitwa wa kijiji au wa serikali. Hofu hiyo ndiyo inayoshika jembe. Andikeni makubaliano mafupi, yasomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji na kuingia kwenye muhtasari: shamba ni la fulani, mipaka yake ni hii, ukanda anautunza yeye, ukindu, matunda, kuni zilizokauka na mizinga ya nyuki ni vyake. Kama kijiji kina mpango wa matumizi ya ardhi, ukanda uonekane kwenye ramani hiyo. Kama ana hati ya hakimiliki ya kimila, makubaliano yaambatane nayo. Akija mgeni yeyote na mkataba wa miti au wa biashara ya hewa ya ukaa, asisaini mtu peke yake sebuleni. Usomwe mkutanoni, kwa Kiswahili, mstari kwa mstari.

Kuhusu nyuki, msisubiri. Mizinga mitano ndani ya ukanda uliofungwa, iliyotundikwa mbali na njia ya kuchota maji, inampa mwenye shamba kitu cha kuuza kabla hata miti haijawa mirefu. Na mwenye mizinga ndiye mlinzi mkali kuliko wote dhidi ya moto.

Jambo la mwisho kwenu, na ni la msimu huu huu. Juni na Julai wapulizaji wa mikorosho wako kazini, salfa na dawa za maji. Tembeleeni mashamba yanayopakana na kijito muwaombe wapulizaji wasioshe mabomba mtoni wala kutupa makopo humo. Tengeni mahali pamoja pa kuoshea, juu, mbali na maji, penye shimo na pipa la maji masafi ambalo kijiji kinalijaza, maana asipopewa maji pale atayafuata yalipo.

Wawili walioniuliza mahali pa kupata mashina ya vetiva: ulizeni kwanza kwa bwana shamba wa kata yenu, kisha tembeeni kando ya barabara za vijijini ambako yamepandwa kuzuia mmomonyoko, ombeni kwa mwenye eneo. Shina moja zuri mnaweza kuligawa mara nyingi, kwa hiyo mkipata kiroba kimoja mwaka huu, kipandeni chote kitaluni. Mwaka kesho mtakuwa na ya kutosha mto mzima.